Bweni Lilipoezekwa

Enesi alimwambia binti yake afeli mtihani wakiwa wanachambua mchele uani, mchana kweupe, na sauti aliyotumia ilikuwa ileile ya kumtuma chumvi dukani.

"Witness."

"Abee, mama."

"Wiki ijayo mkianza mtihani, ujaze makosa."

Witness akacheka. Mama yake alikuwa na utani mkavu, wa kuchelewa kueleweka. "Makosa gani tena, mama?"

"Yoyote. Jibu la kweli si utaliona? Basi liache hapohapo, kivuli ukiweke kwenye herufi nyingine. Somo la kwanza mpaka la mwisho."

"Mama!"

"Sijakwambia upige kelele. Nimekwambia ujaze makosa."

Mikono ya Witness ikasimama juu ya ungo. Alikuwa darasa la saba, mwembamba, mwenye mazoea ya kuhesabu kwa midomo bila kutoa sauti. Shule yao ya msingi pale Nsanzya, kijiji cha bondeni huko Momba, ilizoea kuburuta mkia kila matokeo yalipotoka. Mwaka huu, kwenye mtihani wa majaribio wa wilaya, Witness alikuwa amewapita hata watoto wa shule zenye walimu tele. Mwalimu mkuu, Mwalimu Deus, alikuja mpaka nyumbani na soda mbili mfukoni kumpongeza.

"Mwalimu Deus nitamwambia nini?"

"Mwalimu Deus hakukuzaa."

"Na baba?"

"Baba yako nitaongea naye mimi." Hakuongea naye. Efraimu alikuwa mtu wa kukubali kila jambo baada ya kulifikiria kwa muda mrefu, na Enesi hakutaka alifikirie hili.

Witness akarudi kwenye mchele. Akatoa jiwe, akalitupa, akatoa jingine. Baadaye akasema, "Sawa, mama." Mtoto huyo hakuwahi kumbishia. Ndivyo alivyolelewa, na Enesi alijivunia malezi hayo.

Lililomsukuma ni Nesta, binti yake mkubwa. Nesta alifaulu kwenda sekondari ya kata. Shule hiyo iko mbali, ng'ambo ya mto unaokata njia masika yote, wala hakuna mtoto anayeweza kwenda na kurudi kila siku. Wanafunzi wa bondeni hupanga vyumba kwenye nyumba za watu jirani na shule, wenyewe wanaita geto: ukuta wa udongo, mlango wa bati unaofungwa kwa waya, kiroba cha mchele kutoka nyumbani, na mtoto wa miaka kumi na nne anajipikia, anajilaza, anajiamsha. Nesta aliishi geto mpaka kidato cha pili. Akarudi nyumbani na mimba ya kijana wa bodaboda aliyekuwa akimpa lifti za bure, mpaka siku alipodai malipo. Alipojifungua, walimu walimwambia siku hizi inaruhusiwa kurudi darasani. Nesta hakutaka hata kusikia. Alimwachisha mtoto ziwa, akamwacha kwa bibi yake upande wa baba, akaenda Tunduma kumpikia mama ntilie mmoja kando ya foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia.

Na bweni je? Bweni lilikuwepo, na hilo ndilo lililomchoma Enesi kuliko yote. Utaratibu ni kwamba wananchi wanapandisha kuta kwa nguvu zao mpaka kwenye lenta, ule mkanda wa zege wa juu, kisha serikali inaleta fedha za kupaua na kumalizia. Vijiji vyote vya kata vilipangiwa zamu. Enesi alibeba mawe, alibeba maji, aliwasongea mafundi ugali, Nesta akiwa bado darasa la tano. Kuta zikafika lenta. Wakapiga vigelegele, mkubwa mmoja akaja akapigwa picha akiwa ameegemea ukuta. Halafu kimya. Mkiuliza, mnaambiwa bajeti ya mwaka huu imepita, subirini ya mwakani. Nesta akaanza kidato cha kwanza, bweni liko wazi juu. Akarudi na tumbo, bweni liko wazi juu. Waliolala humo ni mbuzi.

"Huyu wa pili siwapi," Enesi alijiambia, na akawa amemaliza.

Jambo lenyewe halikuwa geni bondeni. Kila mwaka walikuwepo watoto walioagizwa na wazazi wao kufeli kwa makusudi, wavulana wakachunge, wasichana waolewe. Tena aliyelipigia kelele kuliko wote alikuwa ni huyuhuyu Enesi. Alikuwa mjumbe wa kamati ya shule. Mwezi wa sita, kwenye mkutano wa wazazi, alisimama akamgeukia Stamili, jirani yake Msukuma aliyehamia na mifugo, mama wa Grace aliyesoma darasa moja na Witness.

"Nyie wenye ng'ombe ndio mnatuulia shule!" alimwambia mbele za watu. "Mtoto anajua, mnamwambia ajifanye hajui. Mnamfelisha kwa mkono wenu, halafu mnakuja hapa kulalamika shule haina walimu. Nani atawaletea walimu wa kuja kufundisha ziro?"

Watu walicheka. Stamili alitazama kanga yake. Mkutano ulipokwisha, Mwalimu Deus alimshika Enesi mkono kwa mikono miwili: "Mama Nesta, wewe ulitakiwa ugombee udiwani."

Enesi aliyakumbuka yote hayo, lakini hayakumsumbua. Aliona lake ni tofauti. Yeye hakutaka mahari wala mchungaji. Alitaka mtoto wake alale mahali ambapo mlango unafungwa.

Siku za mtihani zikaja, zikapita. Witness alirudi nyumbani akavua sare, akaifua, akaianika.

"Vipi?"

"Nimejaza."

"Kama nilivyokuambia?"

"Kama ulivyoniambia."

Enesi alikuwa amechinja kuku. Alimwekea binti yake paja na kidali, na alipokuja kukusanya vyombo akakuta nyama imebaki vilevile kwenye sahani, mchuzi umeganda.

Mwezi haukuisha. Enesi alikuwa kwenye tuta la shamba la mpunga pikipiki ya Mwalimu Deus ilipokata kona, ikapiga honi bila kukoma kama ya harusi.

"Mama Nesta! Mabati yamekuja!"

"Mabati ya nani?"

"Ya bweni! Fedha za kupaulia zimetoka, mbao zimeshuka jana, mafundi wako juu sasa hivi. Wanasema Januari wasichana wanaingia. Haya, kakusanye jeshi lako, wanawake wa Nsanzya ndio wenye zamu ya maji kesho."

Akaondoka na honi yake. Enesi alibaki amesimama tutani na jembe.

Kesho yake walipanda trela la trekta, wanawake na ndoo zao, wakaimba njia nzima. Enesi aliliona paa kabla trekta halijasimama. Upande mmoja ulikuwa umeshaezekwa, bati jipya linameta mpaka linaumiza macho. Ndani walikuwa wameng'oa vichaka, wanafyagia mavi ya mbuzi. Alizijua zile kuta. Alijua ni kona ipi ilijengwa kwa mawe aliyobeba yeye.

"We Mama Nesta, leo umemeza nini?" Stamili alimtania, ndoo kichwani. "Vigelegele vyako viko wapi? Au siku hizi mpaka mjumbe wa kamati alipwe posho?"

Wanawake wakaangua kicheko.

"Koo linaniuma."

"Koo lako wewe? Lile la mkutanoni?" Stamili akatua ndoo, akamsogelea, sauti ikashuka. "Nikwambie kitu, dada. Siku ile ulinivua nguo mbele za watu. Sikulala. Mume wangu alikuwa ameshaanza mazungumzo na wakwe, ng'ombe wametajwa. Lakini maneno yako yalinikaa hapa. Nikamwambia Grace: mwanangu, jaza unachokijua, baba yako niachie mimi." Akatazama juu, fundi akigonga msumari. "Akipita, atalala humu. Ulinitukana, lakini ulinisaidia. Mungu akubariki."

Enesi akainua ndoo yake akaenda kuchota maji. Alichota mpaka mafundi wakasema yametosha.

Jioni hiyo alimkuta Witness anapuliza moto jikoni.

"Witness, niambie ukweli. Sikuchapi. Ulijaza makosa kweli?"

"Ndiyo, mama."

"Yote?"

Witness akainamisha kichwa. Moshi ulimtoa machozi, au labda haukuwa moshi. "Kuna swali moja la hisabati. La mkulima anayezungushia shamba lake seng'enge. Mkono ulikataa, mama. Nikajaza la kweli."

"Moja tu?"

"Moja tu. Nisamehe."

Enesi akatoka nje. Akasimama nyuma ya banda la kuku. Halafu akaanza kujipa moyo. Watoto huogopa. Aliyekiri moja huenda ameficha ishirini. Nani mwenye akili zile anaweza kuliona jibu likimtazama, akalipita, siku nzima, somo baada ya somo? Haiwezekani. Ananidanganya. Jumapili kanisani, wenzake wakiombea mvua, Enesi alipiga magoti akamwomba Mungu mtoto wake awe mwongo.

Matokeo yalitoka mvua za kwanza zimeshaanza. Mwalimu Deus alifika amelowa, simu ameifunga kwenye mfuko wa nailoni. Efraimu alimpa kigoda. Hakukaa.

"Kuna kosa limefanyika," alisema. "Na nitalifuata. Witness wamempa E. Hebu fikirieni, E! Mtoto niliyekuwa namwachia chaki kwenye kambi ya mtihani awafundishe wenzake hesabu za sehemu! Hii ni mashine imesoma vibaya, au karatasi yake wameibandika jina la mtu mwingine. Kesho naenda wilayani. Wakinizungusha, nakwenda mpaka mkoani, Vwawa. Waifungue hiyo karatasi mbele ya macho yangu."

"Asante, mwalimu," alisema Efraimu. "Mafuta ya pikipiki nitachangia mimi."

"Sitaki mafuta yako, mzee. Huyu ni mtoto wangu pia. Walimu tuko wanne shule nzima, madarasa saba. Kila mwaka naomba mwalimu, najibiwa shule yako haifanyi vizuri. Mwaka huu nilisema, nitawawekea Witness mezani, waone kwamba watoto wa huku wana vichwa. Siachi hili lipite. Nitapiga kelele mpaka wanisikie."

Enesi alimtazama maji yakimchuruzika kutoka kwenye nywele. Angeweza kunyamaza. Mwalimu angekwenda, angegombana na wakubwa, angewaita wezi wa haki ya mtoto. Kisha karatasi ingefunguliwa, na ingekuwa na mwandiko wa Witness.

"Usiende," alisema.

"Kwa nini nisiende?"

"Hakuna aliyekosea huko. Nilimwambia mimi afeli."

Mvua ilisikika kwenye bati. Mwalimu Deus alimtazama Enesi, akamtazama Efraimu, kama mtu anayesubiri aambiwe ni mzaha.

"Wewe?"

"Mimi."

"Mama Nesta, wewe? Wewe wa kamati?"

"Mwalimu, bweni lilikuwa wazi juu. Ningempeleka wapi? Kwenye geto alikotoka dada yake?"

"Sasa haliko wazi."

"Sasa najua."

Efraimu aliinuka taratibu. "Enesi," alisema, "mimi humu ndani mlikuwa mnaniona kama nani?" Hakungoja jibu. Alitoka hivyohivyo kwenye mvua, kichwa wazi, akaelekea shambani bila jembe.

"Arudie basi," Enesi alisema. Sauti yake ilikuwa imepoteza ukali wote. "Mwakani. Nitamshona sare mpya. Mwalimu, mwandikishe tena."

"La saba halirudiwi, mama. Labda umpeleke shule ya kulipia."

"Sina hela ya shule ya kulipia."

"Najua huna." Alikaa sasa, juu ya kile kigoda, magoti yamemfika kifuani. "Yaani nimekaa na yule mtoto kambi nzima. Kila jioni anakuja na swali. Na wewe ulikuwa unaleta mahindi ya kambi kwa mkono wako."

Witness alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, sufuria mkononi. Hakuna aliyejua amesikia kuanzia wapi.

"Witness," mwalimu alimwita. "Nimeipitia karatasi ya hisabati. Lile swali gumu, la mkulima na seng'enge. Jibu lilikuwa ngapi?"

"Mita mia mbili arobaini, mwalimu," Witness alijibu papo hapo.

Mwalimu Deus akageuza uso ukutani. Kisha akaivaa kofia yake iliyolowa, akaondoka bila kuaga.

Habari ilienea, kama ilivyo kawaida ya habari. Enesi alijiuzulu kamati kabla hawajamwambia. Hakuna aliyemtukana, na hilo lilikuwa gumu kuliko matusi. Dukani watu walimpisha foleni kama mfiwa.

Stamili ndiye peke yake aliyekuja. Alikuja na Grace, aliyefaulu kwa alama za wastani. Alikaa muda akisifia kuku, akisifia mvua, ndipo akasema, "Dada, sijui niulize nani mwingine. Mimi sikusoma. Huko bweni mtoto anabeba nini?"

Enesi alimwambia. Godoro la futi mbili na nusu. Sanduku la bati lenye kufuli. Ndoo yenye mfuniko, maana zisizo na mfuniko zinaibwa. Shuka za rangi, nyeupe zinafuliwa mpaka mtoto anachoka. Kumbe vyote alikuwa navyo kichwani, vimepangwa, tangu enzi za Nesta.

"Na wewe utafanyaje na huyu?" Stamili aliuliza, akimwonesha Witness kwa kidevu.

"Nesta amepiga simu. Anamtaka Tunduma, wasaidiane kwa mama ntilie."

"Kwenye malori yale?"

"Nimekataa."

"Sasa atafanya nini?"

"Atalima," alisema Enesi. "Na sisi."

Januari shule zilipofunguliwa, mto ukiwa haujafunga njia bado, Witness aliomba ruhusa ya kumsindikiza Grace. Enesi alitaka kukataa, akakosa sababu. Witness alivaa viatu vyeusi vya shule alivyoviacha dada yake, akajitwika godoro la Grace kichwani, wakaondoka asubuhi pamoja na Stamili, wasichana wawili wanaoulizana maneno ya Kiingereza na kuchekana matamshi. Enesi aliwasikia mpaka walipovuka korongo.

Witness alirudi jua likiwa limeshuka, peke yake, Stamili ameshakata kwenda kwake, matope mpaka magotini. Enesi alikuwa uani.

"Kukoje?"

"Kuzuri. Sakafu ni ya saruji, inateleza. Madirisha yana nondo na wavu. Mlango una komeo ndani na kufuli nje, na kuna matroni analala humohumo."

"Na Grace?"

"Grace amepata kitanda cha juu. Cha chini yake hakina mtu. Matroni akaniuliza, we binti, mbona huna begi? Nikamwambia nimesindikiza."

"Witness." Enesi alijikuta amemshika mkono. "Nigombeze. Sema neno lolote, hata baya. Mimi ni mama yako, nitalivumilia."

Witness alimtazama kwa mshangao, macho ya mtoto aliyeulizwa jambo ambalo hajafundishwa.

"Nikugombeze kwa lipi, mama? Kwani nilikosea? Uliniambia, nikafanya."

Mkono wa Enesi ukamwachia.

"Mahindi ya kule mtoni yameshikwa na majani," Witness alisema. "Nimeyaona nikipita. Kesho tuanzie kupalilia kule?"

"Tuanzie kule."

Witness akaketi kwenye kizingiti, akavua viatu. Akavikwangua matope kwa kijiti, akavifuta kwa upindo wa kanga mpaka vikang'aa, akaviweka kando ya ukuta, visigino vimelingana, kama vya mtu atakayevihitaji asubuhi.